Kumtambua Mapema Mgonjwa wa Usahaulifu: Vipimo Vipya vya Damu na Wazee wa Tabora

Katika mkoa wa Tabora, kuutafuta ugonjwa wa ubongo ndani ya tone la damu si jambo geni. Tangu enzi za ukoloni wataalamu wa maabara wa Unyamwezi wametandaza damu juu ya kioo na kuikagua kwa hadubini, wakitafuta kimelea chembamba chenye mkia kinachosababisha malale. Aghalabu mgonjwa mwenyewe ni mrina asali aliyekaa majuma kadhaa katika misitu ya miombo ya Ugalla, au mchungaji, au mpasua mbao. Huanza kwa homa inayodhaniwa kuwa malaria. Kisha tabia hubadilika: mtu mpole huwa mkali, husinzia mchana katikati ya maongezi, na usiku, wenzake wakilala, yeye hutangatanga. Nduguze husema amerukwa na akili, au amerogwa. Asipotibiwa hufa, na kwa aina ya malale iliyoko mashariki mwa Afrika kifo huweza kuja ndani ya miezi michache tu.

Ugonjwa huo una historia ndefu katika nchi hii ambayo zamani ilikuwa moyo wa njia ya misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe kutoka Ujiji na Unyanyembe hadi Bagamoyo, na mahali walipopita palikuwa na vijiji, mashamba na ng'ombe waliouweka msitu mbali. Wanahistoria kadhaa wameeleza jinsi sotoka ya miaka ya 1890 ilivyofagia mifugo, ikafuatwa na njaa na vita vya ukoloni, hata vichaka vikarudi na mbung'o wakarudi pamoja navyo. Baadaye serikali ya Waingereza iliwahamisha watu kutoka makazi yaliyotawanyika msituni na kuwakusanya mahali pamoja ili kuwatenga na mbung'o. Wazee wa Urambo na Kaliua wamerithi simulizi za uhamisho huo kutoka kwa wazazi wao.

Malale yamewafunza waganga mambo mawili yanayofaa kukumbukwa leo. La kwanza ni kwamba damu husema sehemu tu ya habari. Kimelea kikionekana kwenye kioo, mgonjwa anajulikana; lakini kujua kama kimekwisha kuingia kwenye ubongo kulihitaji sindano ya uti wa mgongo na kuhesabu chembe nyeupe katika majimaji yake. Zikizidi 5 kwa kila mikrolita, ugonjwa ulihesabiwa kuwa umefika hatua ya pili, na dawa ilibadilika. La pili ni kwamba kujua na kutibu ni mambo mawili tofauti. Mwaka 1906 Robert Koch, aliyekuwa bingwa wa vimelea kuliko wote wa zama zake, alipiga kambi katika visiwa vya Ssese, Ziwa Viktoria, akawatibu wagonjwa wa malale kwa dawa yenye sumu ya aseniki iitwayo atoksili. Vimelea vilipungua katika damu, lakini baadhi ya wagonjwa walipofuka. Ilipita zaidi ya karne moja hadi Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza, mwaka 2024, vidonge vya feksinidazoli kwa malale ya aina ya mashariki mwa Afrika.

Sasa inakuja aina nyingine ya vipimo vya damu. Havitafuti kimelea, bali vipande vya protini vinavyovuja kutoka ubongo unaochakaa. Magazeti ya Ulaya na Marekani yanavizungumzia kwa shangwe. Mhudumu wa afya wa Tabora, na mgonjwa anayemhudumia, wanahitaji kujua vipimo hivyo vinaweza nini, haviwezi nini, na kipi kinaweza kufanyika kabla havijafika.

Kinachopotea kwa kuchelewa

Dimenshia ni jina la kundi la magonjwa yanayoharibu kumbukumbu, lugha, uamuzi na tabia kiasi cha mtu kushindwa kujitegemea. Ugonjwa wa Alzheimer ndio mkubwa kati yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa huchangia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote. Duniani watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na dimenshia, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Kwa Tanzania takwimu zilizo bora zimetoka Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Huko watafiti walipita katika vijiji sita na kuwapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Baada ya kusawazisha umri, walikuta kiwango cha dimenshia cha asilimia 6.4. Kilimanjaro si Tabora: shule zilitangulia kule, njia za kufika hospitali ni fupi zaidi, na maisha ya wazee hayafanani. Hata hivyo idadi hiyo inatosha kumwondoa msomaji katika dhana kwamba usahaulifu wa uzeeni ni ugonjwa wa Wazungu.

Katika magharibi mwa Tanzania kuchelewa kuutambua ugonjwa huu kuna gharama ambayo vitabu vya Ulaya haviitaji. Kwa miongo mingi polisi na mashirika ya haki za binadamu wameorodhesha mauaji ya vikongwe, wengi wao wanawake wajane, waliotuhumiwa kuwa wachawi katika mikoa ya Tabora, Shinyanga, Mwanza na jirani zake. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 haikuyazuia. Sababu za tuhuma ni nyingi: urithi wa shamba, kifo cha mtoto kijijini, chuki ya siku nyingi, kauli ya mpiga ramli. Macho mekundu, ambayo mara nyingi ni matokeo ya miaka hamsini ya kupika kwa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha, yamechukuliwa kuwa ushahidi. Ingekuwa uongo kudai kwamba kila bibi aliyetuhumiwa alikuwa na dimenshia. Lakini fikiri dalili zenyewe: mtu anatoka nyumbani usiku wa manane bila kujua anakokwenda, anakutwa uani kwa jirani akiwa nusu uchi, anazungumza na marehemu, anamtuhumu mkwewe kuwa amemwibia fedha ambazo yeye mwenyewe amezificha. Mahali penye hofu ya uchawi, dalili hizo zinaweza kumwua mtu kabla ugonjwa haujamwua.

Familia yenye jina la ugonjwa mkononi, lililoandikwa na kugongwa muhuri wa hospitali, ina kitu cha kumwonyesha mwenyekiti wa kitongoji. Ndiyo maana mjadala wa kutambua mapema, ambao Stockholm na Boston unahusu zaidi dawa ghali, Tabora unahusu kwanza usalama wa mgonjwa.

Protini zinazovuja

Mwaka 1906, mwaka uleule wa safari ya Koch, daktari wa Kijerumani Alois Alzheimer aliwaeleza wenzake mjini Tübingen habari za mwanamke aliyepoteza kumbukumbu akiwa bado hajazeeka. Alipoupasua ubongo wake baada ya kifo aliona mabonge nje ya seli za neva na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Leo inajulikana kuwa mabonge hayo ni ya protini iitwayo amiloidi, na nyuzi ni za protini iitwayo tau. Inajulikana pia kwamba mabadiliko hayo huanza miaka 15 hadi 20 kabla ya dalili ya kwanza.

Kwa muda mrefu njia ya uhakika ya kuyaona ilikuwa kupasua maiti. Kisha yakaja majimaji ya uti wa mgongo, na kuanzia mwaka 2004 picha za PET, zinazohitaji mashine na kemikali za mnururisho ambazo nchi nyingi hazina. Ugumu wa damu ulikuwa ni uchache wa protini zenyewe. Tau iliyobandikwa fosfati katika nafasi ya 217, ambayo wataalamu huiita p-tau217, hupatikana katika damu kwa kiasi kinachokaribia pikogramu moja katika mililita. Chukua gramu moja ya chumvi, uiyeyushe katika lita bilioni moja za maji: ndicho kiasi kinachotafutwa. Mashine zenye uwezo wa kukipata zimekomaa katika miaka kama kumi hivi iliyopita.

Viashiria vinavyotajwa zaidi ni vinne. Uwiano wa aina mbili za amiloidi, 42 na 40, hushuka amiloidi inapoganda ubongoni. P-tau217 hupanda mapema na kwa wazi, nayo ndiyo inayoaminiwa zaidi kwa ugonjwa wa Alzheimer. Protini ya GFAP hutoka katika seli za ubongo zenye umbo la nyota zinazolisha na kulinda neva, na hupanda seli hizo zinaposumbuliwa. Cha nne ni neurofilamenti nyepesi, uzi wa ndani wa neva, ambao humwagika neva inapovunjika kwa sababu yoyote ile. Hicho cha mwisho ni kama moshi unaoonekana kwa mbali: unajua kuna kinachoungua, hujui ni nyumba ya nani. Hupanda katika Alzheimer, katika kiharusi, katika ugonjwa wa neva za misuli, katika maambukizi ya VVU yasiyotibiwa, na kwa kijana aliyeanguka na bodaboda juzi akapigiza kichwa.

Matokeo yake si haba. Mwaka 2024 watafiti wa Sweden walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 1,213 waliokwenda hospitali kwa malalamiko ya kumbukumbu. Madaktari wa ngazi ya msingi, kwa maongezi, vipimo vya kawaida na picha ya kichwa, waliutambua ugonjwa wa Alzheimer kwa usahihi wa asilimia 61. Mabingwa wa dimenshia walifika 73. Kipimo cha damu kilifika takriban 91. Tarehe 16 Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kwa mara ya kwanza kipimo cha damu cha aina hii, kinacholinganisha p-tau217 na amiloidi 42, kwa watu wa miaka 55 na zaidi ambao tayari wana dalili. Katika sampuli 499 zilizotumika kukipima, waliopata jibu la "ndiyo" walithibitishwa na vipimo vikubwa kwa asilimia 91.7, na waliopata "hapana" kwa asilimia 97.3. Karibu mmoja kati ya watano alipata jibu lisilo upande wowote.

Neno "dalili" katika idhini hiyo lisipitwe haraka. Ndilo linalotenganisha kipimo chenye manufaa na kipimo chenye madhara, na hesabu yake ni rahisi kiasi cha kufanywa nyuma ya kadi ya kliniki. Tuseme kipimo kina uwezo wa kuwakamata 90 kati ya wagonjwa 100, na kuwaachia huru 90 kati ya wazima 100. Kipeleke kliniki ya kumbukumbu yenye watu 1,000 ambao nusu yao kweli ni wagonjwa: watakaopata "ndiyo" ni 500, na 450 kati yao ni wagonjwa kweli. Sasa kipeleke uwanja wa mpira siku ya wazee, upime watu 1,000 ambao wagonjwa ni 60 tu. Utawapata 54 kati ya hao sitini, lakini pamoja nao utawaambia wazima 94 kwamba wana ugonjwa. Karibu theluthi mbili ya waliopewa habari mbaya wamedanganywa. Katika kijiji ambako habari mbaya kuhusu akili ya mwanamke mzee huenea haraka, hilo si kosa la takwimu tu. Kampeni za kupima damu kwa wazee wasio na dalili, zikija na mahema na fulana, zinastahili kukataliwa.

Damu ya Tabora na vipimo vya ughaibuni

Viwango vinavyotenganisha "ndiyo" na "hapana" vimewekwa kwa damu ya watu ambao wengi wao ni wenye asili ya Ulaya, wenye elimu ndefu, wanaoishi karibu na hospitali kubwa. Kuviazima kama vilivyo ni kama kumpimia mtu nguo kwa mwili wa jirani. Tatizo lenyewe si rangi ya ngozi. Ni magonjwa yanayoambatana na mgonjwa. Figo zilizochoka hushindwa kuchuja protini hizi, hivyo p-tau na neurofilamenti hupanda kwa mtu ambaye ubongo wake ni salama. Shinikizo la damu na kisukari visivyotibiwa, ambavyo ndivyo vinavyoharibu figo za Watanzania wengi, vinaweza kwa njia hiyo kumwandikia mgonjwa Alzheimer asiyo nayo. Unene nao huvuta viwango upande wa pili, kwa kuwa damu nyingi huzimua protini. Jibu la p-tau217 lisilo na kipimo cha figo kando yake halijakamilika.

Afrika imeanza kukusanya namba zake. Mjini Kinshasa mtaalamu wa saikolojia ya ubongo Jean Ikanga na wenzake wamepima viashiria hivi katika damu ya wazee wenye dalili na wasio nazo. Washiriki hawakufika mia moja, lakini ni mwanzo wa kweli, katika mji ambao Kilingala ndicho kinachotawala. Mtandao wa watafiti wa dimenshia barani, unaoshirikisha Tanzania, Kenya na Uganda pamoja na nchi za magharibi, umejiwekea kazi ya kukusanya sampuli na taarifa za kurithi kwa njia moja ili ziweze kulinganishwa.

Kisha kuna safari. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857 na kufika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, baada ya siku 134. Treni imefika mjini humo tangu 1912, na barabara ya lami ipo. Lakini damu ya kipimo hiki haina subira ya pembe za ndovu. Hutakiwa kuzungushwa kwa mashine ndani ya saa chache ili utegili utengane na chembe, kisha kugandishwa katika baridi kali na kubaki hivyo hadi maabara, zaidi ya kilomita 800 kama maabara yenyewe iko Dar es Salaam. Umeme ukikatika njiani, matokeo huharibika bila mtu kujua, maana sampuli iliyoyeyuka na kuganda tena haionekani tofauti kwa macho. Ulaya sasa wanajaribu tone la damu ya kidoleni lililokaushwa juu ya karatasi na kutumwa kwa posta. Wahudumu wa Tabora wanaoikumbuka kazi ya kukausha damu ya watoto wachanga kwa ajili ya kipimo cha VVU watakiona kipimo hicho kuwa ndugu wa kitu wanachokijua. Kikithibitika, kitaifaa zahanati ya Sikonge kuliko mashine yoyote.

Kuhusu dawa, maneno yasizidi. Lekanemabu, iliyopata idhini kamili Marekani mwaka 2023, na donanemabu iliyofuata mwaka 2024, huondoa amiloidi na kupunguza kasi ya ugonjwa kwa wale walio katika hatua za mwanzo. Katika majaribio lekanemabu ilipunguza kasi hiyo kwa asilimia 27 katika miezi 18. Haimrudishi mtu alikokuwa. Huleta uvimbe na madoa ya damu ubongoni kwa baadhi, na kila mgonjwa hulazimika kupigwa picha za MRI mara kwa mara ili kuyaona mapema. Anayewajua wagonjwa wa atoksili hatashangaa kwamba mabingwa wenyewe wanabishana. Familia ya Nzega isiuze ng'ombe kwa ajili ya kufuata dawa hizi.

Kazi ya leo

Kinachoweza kufanyika leo kinaanzia kwenye kiti, si kwenye sindano. Watafiti wa Hai, wakishirikiana na wenzao wa Nigeria, walitengeneza mtihani mfupi wa utambuzi uitwao IDEA kwa ajili ya wazee ambao hawakusoma. Hauombi mtu aandike wala achore saa, mambo ambayo humfelisha bibi mwenye akili timamu aliyenyimwa shule. Humtaka akumbuke orodha ya maneno baada ya muda kupita, ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, aeleze daraja ni kitu gani, apange vijiti vya kiberiti kama alivyoonyeshwa. Alama zote ni 15. Aliyepata 7 au chini anahitaji kuchunguzwa zaidi. Mhudumu aliyefunzwa vizuri huutumia kwa muda mfupi, kwa gharama ya kiberiti kimoja.

Kabla ya mtihani kuna mlango wa kuingilia. Mzee huamkiwa shikamoo na kukaribishwa kiti, naye husikilizwa kwanza yeye, kisha anayeishi naye. Swali lenye tija ni la kazi: je, bibi bado anapima unga wa ugali sawasawa? Babu bado anaijua njia ya kurudi kutoka mizingani? Fedha za mauzo ya tumbaku anazihesabu mwenyewe? Ndugu wengi husema "ni uzee tu", na swali la kazi ndilo linaloonyesha kama ni uzee tu.

Jambo la haraka kuliko yote ni kutenganisha dimenshia na mchafuko wa akili wa ghafla. Dimenshia huja kwa miezi na miaka. Aliyekuwa mzima juzi na leo hamjui mwanawe ana malaria, au nimonia, au maambukizi ya mkojo, au amekosa maji mwilini, au amepewa dawa. Dawa zenyewe hazisemwi vya kutosha: amitriptilini ya kuondoa ganzi ya miguu na klorofeniramini ya mafua, zinazouzwa kila duka la dawa, humvuruga akili mzee kwa urahisi. Kuzisimamisha kumewahi kuwa tiba nzima.

Baada ya hapo damu ina kazi, damu ya kawaida isiyosafiri. Kipimo cha VVU. Kaswende, ambayo ikifika ubongoni huiga karibu kila ugonjwa wa akili na bado hutibika kwa penisilini. Sukari, figo, wingi wa damu. Homoni ya tezi ya thairoidi na vitamini B12 pale zinapopatikana, hasa kwa mwenye kisukari aliyetumia metformini miaka mingi, kwa sababu dawa hiyo hupunguza B12. Na kwa mtu anayesinzia mchana na kutangatanga usiku, aliyekuwa akirina asali au kuchunga pembezoni mwa hifadhi, kioo cha malale kisisahauliwe. Ni aibu kumwandikia dimenshia mtu mwenye kimelea kinachoonekana. Mzee aliyeanguka wiki chache nyuma akaanza kusahau anaweza kuwa na damu iliyoganda chini ya fuvu, na huyo ni wa kupelekwa penye picha ya CT bila kungoja. Sonona huficha kumbukumbu. Mtoto wa jicho na uziwi humfanya mtu aonekane amechanganyikiwa wakati haoni wala hasikii tu. Jopo la kimataifa la jarida la The Lancet mwaka 2024 lilihesabu vihatarishi 14 vya dimenshia vinavyoweza kuepukwa, vikiwemo uziwi, kutoona, shinikizo la damu, kisukari, kuumia kichwa na hewa chafu, na likakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Jiko lenye bomba la moshi limo katika hesabu hiyo, na huyanusuru macho pia.

Ugonjwa wa Parkinson unastahili aya yake, japo vipimo vyake vya damu viko nyuma zaidi. Hai, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu 161,071, wakapata wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu ya hao hawakuwa wamewahi kutambuliwa. Mkono unaotetemeka ukiwa umetulia, hatua fupi za kuburuza, uso usio na tabasamu: dalili hizi huonwa kwa macho, na levodopa, dawa ya vidonge, inaweza kumfanya mtu afunge vifungo vya shati lake tena. Hapa kukosekana kwa kipimo kipya hakuhalalishi hata siku moja ya kuchelewa.

Utambuzi ukishafanyika, taarifa kwa familia huandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka: jina la ugonjwa, kwamba ni ugonjwa wa ubongo, kwamba hauambukizi, kwamba maneno ya mgonjwa ya usiku hayatokani na ubaya wa moyo. Mgonjwa akiridhia, mhudumu wa afya wa jamii hupewa nakala, na mwenyekiti wa kitongoji huelezwa kwa mdomo mbele ya familia. Komeo la mlango huwekwa juu, jiko hulindwa, na mtu mmoja wa nyumbani hujulikana kuwa ndiye wa usiku. Mlezi huyo, mara nyingi binti au mkwe, naye hupimwa shinikizo la damu siku hiyohiyo.

Watafiti wakifika Tabora na visanduku vyao vya barafu, na huenda wakafika mapema kuliko wengi wanavyodhani, mzee ataombwa damu yake isafiri njia ambayo pembe zilisafiri. Anayo haki ya kujua mapema kama majibu yatarudi au hayatarudi, yatamfikia nani, na kama kuna lolote litakalofanyika yakiwa mabaya. Wapo watakaotaka kujua, na wapo watakaosema hapana. Wote wawili wana akili zao. Kwa aliyekwisha kuanza kusahau, swali huulizwa asubuhi akiwa mtulivu, kwa Kiswahili au kwa Kinyamwezi, mbele ya ndugu aliyemchagua mwenyewe, na jibu lake huandikwa kwenye faili kabla mkono haujafungwa mpira.